Mkono wa Kifuu

Kwaru, kwaru, kwaru. Kucha kwenye bati. Sauti ilinyamaza kidogo, kisha ikaanza tena, taratibu, kama ya mtu anayetafuta kitu na hataki ajulikane kwamba anatafuta.

Saleha, mtoto wa miaka minne, aliinua kichwa kwenye mkeka. "Mama, nini hicho?"

"Panya," alisema Chiku. "Lala, mwanangu."

Isha ilikuwa imetoka punde tu. Hapo Chumbageni, Tanga, nyumba zote zilikuwa na taa, na watu waliulizana habari za mchana baraza kwa baraza. Nyumba yao peke yake ndiyo iliyokuwa giza. Kila siku baada ya sala, Uweso mumewe alisema neno moja tu, "Zima," na Chiku akaipuliza koroboi. Ndipo Uweso alipolivuta bakuli lake kule ukumbini na kula peke yake, kwa mkono wa kushoto, mpaka kucha zikafika kwenye bati.

Mkono wa kulia aliuacha korona. Korona ndiyo mashine inayovua majani ya mkonge yakawa katani, na Uweso alikuwa mlishaji wake katika shamba moja njia ya Pangani. Siku hiyo, mwaka wa hamsini na nne, jani lilinasa, naye akalisukuma. Mashine ikalichukua jani na ikamchukua na yeye hadi karibu na kiwiko. Kidonda kilipona. Kigutu kikafunga vizuri, kikawa laini kama goti la mtoto. Kisichopona ni kula.

Maana mkono wa kushoto una kazi yake, na kila mtu wa pwani anaijua kazi hiyo tangu hajaota meno. Mwalimu Shehe, aliyemsomesha Uweso Kurani chuoni utotoni, alikuja mara tatu kumwambia kwamba aliyekatika wa kulia hana kosa kula kwa uliobaki. Uweso aliitikia naam, mwalimu, naam. Mwalimu alipokwisha kutoka, alisema, "Mungu ameshanisamehe, Mama Saleha. Watu bado." Akaacha kwenda karamuni. Kwenye hitima na maulidi alikaa mwisho wa mkeka, na beseni la kunawia lilipotokea mlangoni, yeye alikuwa ameshatoka.

Baada ya mwaka mmoja shamba lilimletea mkono.

Walimwita ofisini, Chiku akafuatana naye na mtoto mgongoni. Bwana Ustawi, msimamizi wa hali za wafanyakazi, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alifungua sanduku lililojaa majani makavu, akautoa. Ulikuwa mkono wa mti, umechongwa vidole vitano, kucha zimepakwa rangi. Ulikuwa na rangi ya biskuti.

"Bwana anasema mkono huu umetoka mbali sana," alisema karani aliyekuwa akitafsiri.

"Mwambie ahsante," alisema Uweso. "Kisha mwulize, unafanya nini?"

Karani alimkazia macho. "Unafanya nini? Ni mkono, bwana! Sema ahsante tupigwe picha, jua linatuunguza."

Wakapigwa picha. Vidole vile havikukunjika wala kukunjuka. Mtaani, majirani waliutazama mkono wa Mzungu kwenye bega la Mbondei mwenzao, na kabla ya magharibi Uweso alikuwa amekwisha kupata jina: Nusu Bwana. "Nusu Bwana, hujambo? Nusu nyingine inakuja na meli gani?" Alicheka pamoja nao, akaingia ndani, akaufungua ule mkono na kuutia sandukuni chini ya kitanda. Hakuutoa tena.

Chiku alikuwa akisoma darasa la jioni, siku tatu kwa wiki, pamoja na kina mama wengine kumi na mmoja. Mwalimu wao alikuwa Bi Elizabeti, mtu wa Muheza, mpole lakini mwenye jicho kali. Alikuwa akiwafundisha kusoma, kuandika, na kushona kwa vipimo. Jioni moja alichukua gauni alilolishona mwanafunzi mmoja, akalinyanyua. "Hili zuri," alisema. "La nani?"

"La mama mkwe, mwalimu."

"Mama mkwe ana mgongo uliopinda. Ulimpima? Ulimwuliza anakwenda nalo wapi? Kabla hamjakitia kitambaa mkasi, mwendeeni mwenye nguo."

Darasa lilicheka. Chiku hakucheka. Alirudi nyumbani akihesabu. Walioshughulika na mkono wa Uweso walikuwa daktari, karani, Bwana Ustawi, na huyo fundi wa Ulaya asiyemjua. Hata mmoja hakumwuliza Uweso chochote. Kisha akasimama njiani, kwa kuwa alikumbuka kwamba na yeye, mkewe, hakumwuliza.

Usiku huo, kabla hajaambiwa zima, alikaa na daftari lake. "Baba Saleha, kama ungepewa mkono leo, ungetaka ufanye nini?"

"Mambo gani hayo."

"Nijibu tu. Nyundo? Jembe? Baiskeli?"

Uweso aliliangalia daftari. Kisha akasema, akiutazama ukuta, "Nataka kula. Na watu. Taa ikiwaka."

Chiku akaliandika hilo, kwa herufi zake kubwa za kujifunza, na chini yake akapiga mstari.

Jirani yao mmoja alikuwa Tadeo, mhunzi. Alikuja Tanga kutoka Songea kama manamba, kibarua wa mkataba, na mkataba ulipokwisha hakurudi. Alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, mcheshi, tena rafiki wa Uweso tangu shambani. Chiku alipomweleza, alikuna kidevu. "Shemeji, mimi najua panga na jembe. Mkono ni kazi ya Mungu."

"Mungu amemaliza kazi yake. Hii iliyobaki ni yetu."

"Haya. Tuanze wapi?"

Walianza na kijiko. Tadeo alikifunga kwenye kikombe cha bati kilichoingia kwenye kigutu, na kazi ilikuwa safi. Uweso alikitia mara moja tu kwenye wali, akakiweka chini. "Kwenye sinia moja watu sita wanakula kwa mikono, mimi nakwangua kwa chuma kama mgonjwa wa hospitali? Kula kwa kijiko naweza hata sasa, kwa kushoto. Sikusema nataka chakula kifike mdomoni. Nilisema nataka kula na watu."

Chiku akaandika: *Kijiko. Hapana. Kinamtenga.*

Hapo ndipo alipoanza kuutazama mkono wake mwenyewe. Alipika ugali mchana, akakaa peke yake jikoni, akakata tonge mara ishirini, pole pole, akitazama. Kiganja kinakuwa bakuli. Vidole vinakusanya. Kidole gumba ndicho chenye akili, ndicho kinachobonyeza na kusukuma. Vile vingine vinne, kwa kweli, vinaweza kuwa kitu kimoja. Saleha alimwuliza mama mbona anacheza na chakula. "Nasoma," alijibu.

Kiganja walikitengeneza kwa kifuu, kikasuguliwa kwa msasa na mafuta mpaka kikang'aa. Wali ukakaa, lakini ulidondoka njiani. Basi Tadeo akachonga kidole gumba cha mpingo, akakitia bawaba. Kutoka kwenye kidole hicho walipitisha ugwe wa mshipi nyuma ya mgongo hadi bega la kushoto, ili Uweso akisukuma bega mbele gumba libonyeze. Kipande cha mpira wa baiskeli kilikuwa kinakirudisha mahali pake. Mara ya kwanza tonge liliruka likampiga Tadeo kwenye paji la uso.

"Songea hatulishani hivi!" alipiga kelele Tadeo, na Uweso akacheka mpaka akashika ubavu. Chiku hakuwa amesikia kicheko hicho kwa miaka miwili. Akageuka upande akajifanya anatafuta mkaa.

Kulikuwa na jambo moja Uweso alilishikilia. "Nitajifunga mwenyewe. Kama ni lazima unifunge wewe, basi mkono huo ni wako, si wangu." Na jingine: "Nitanawa kama watu. Birika likipita, nami naunyoosha mkono huu. Sitaki kuwa mtu anayeruka kunawa."

"Utalowa," alisema Chiku.

"Ulowe."

Kilichowasumbua ni ukanda. Turubai lilimchubua, na gunia likamtoa damu. Ngozi ya ng'ombe ya Tadeo, iliyokuwa ya kushikia vyuma vya moto, ilikuwa ngumu kama kisogo chake. Ndipo Chiku alipokumbuka sanduku chini ya kitanda. Kitu pekee cha maana katika mkono ule wa biskuti kilikuwa ukanda wake. Ulikuwa wa rangi ya asali, laini, na bizimu yake iliweza kufungwa na kufunguliwa kwa mkono mmoja. Aliutoa, akaupitisha shavuni. Saleha akaunyakua na kuuchungulia.

"Una matundu, mama."

Kweli, ulikuwa na vitundu vidogo vidogo vya vinyweleo, vitatu vitatu, kila vitatu vimekaa kama mafiga. Chiku alivitazama akaona vizuri. Hata akavichora pembeni mwa daftari: nukta tatu, nukta tatu. Jiko dogo, na jingine, na jingine. Alidhani ni fali njema, dalili ya heri.

"Ngozi hii haiogopi maji," alisema Tadeo akiuvuta. "Hii ni ya wakubwa."

Chiku alikuwa mtu wa kuuliza sasa. Alikwenda kwa Mwalimu Shehe na daftari lake. Aliuliza habari ya kifuu, kama kinaweza kusimama mahali pa mkono wa kulia. Akauliza habari ya mpingo, akauliza hata mpira wa baiskeli. Mwalimu alisema vyote ni halali, akamwombea dua na machozi yakamlenga. Ngozi hakuiuliza. Ngozi ilikuwamo nyumbani mwake mwaka mzima, imelala chini ya kitanda anacholalia. Hakuiona kama kitu kipya.

Usiku wa kwanza ambao mkono wote ulikuwa tayari, Uweso alikaa ukumbini, akajifunga mwenyewe, bizimu ikalia tik. Chiku akainama kuipuliza koroboi kama kawaida.

"Usizime," alisema Uweso.

Wakala wote watatu kwenye sinia moja. Saleha alimtazama baba yake kama anayetazama kiini macho. Lile gumba jeusi lilipobonyeza tonge la kwanza na tonge likafika mdomoni bila kudondoka, mtoto akapiga makofi. Ilikuwa hivyo kwa miezi miwili. Jirani aliyepita aliweza kuwaona, mlango uko wazi, taa inawaka.

Mwisho wa miezi hiyo Asmahani, mdogo wake Uweso, alikuja kutoka Pangani. Alikaa kwenye kigoda, akashika ukingo wa kanga yake.

"Shikamoo, kaka. Nimeposwa, unajua. Wamekubali tarehe."

"Marahaba. Mungu akubariki."

"Baba hayupo. Wa kunioza ni wewe. Na sinia la kwanza, kule kwetu, mwenye bibi harusi ndiye anayelianza." Akatazama chini. "Wamesema kama una udhuru, ami anaweza kukaa badala yako. Mimi nimewaambia sitaki ami."

Uweso alichukua mkono wa kifuu kwenye msumari, akajifunga, akanyoosha bega. Gumba likabonyeza hewa. "Waambie sina udhuru," alisema.

Harusi ilikuwa Pangani, siku ya Ijumaa. Nikaha ilifungwa msikitini, na Uweso akamwoza dada yake kwa sauti iliyosikika hadi nje. Baada ya hapo wanaume waliketi uani chini ya turubai, na wanawake wakawa ndani. Chiku alisimama mlangoni nyuma ya pazia, Saleha mbele yake, akishikilia mabega ya mtoto kama mtu anayeshikilia nguzo.

Kwenye sinia la kwanza walikaa watu watano. Uweso alikuwa kichwani. Kuliani kwake alikaa Mzee Mselem, ami yake bwana harusi, mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Kushoto alikaa Sadalla, fundi viatu, ambaye miaka mingi alishona hatamu na matandiko ya farasi za Wazungu. Wawili waliobaki walikuwa watu wazima wa upande wa bwana harusi. Kijana alipita na birika na beseni. Alipofika kwa Uweso akasita. Uweso alinyoosha vyote viwili, mkono na kifuu. Maji yakamiminika juu ya kifuu, yakateremka kwenye ukanda.

Uani vichwa vikageuka.

"Hiyo nayo inanawa?" aliuliza Mzee Mselem.

"Inanawa, mzee. Inakula kama yenu, ila yenyewe haiungui."

Mzee akacheka, na alipocheka yeye wakacheka wote. "Bismillahi, basi. Tuanzie mwenye mkono usioungua."

Uweso akainama, akakusanya pilau, akasukuma bega. Tonge likasimama zuri, la mviringo, likaenda kinywani. Nyuma ya pazia Chiku aliachia pumzi ambayo alikuwa ameishika, aliona, tangu mwaka wa hamsini na nne. Mikono mingine minne ikaingia sinia. Mtu akasimulia jambo la mnadani. Mtu akaomba pilipili. Uweso alikuwa akila na watu mchana kweupe, tena hakuna aliyekuwa akimtazama, na kutotazamwa huko ndiko hasa alikokutaka.

Tonge la tano au la sita, ukanda uliolowa uliteleza kidogo.

"Ngoja nikukazie, shemeji," alisema Sadalla, kwa wema tu, akaiweka mikono yake miwili kwenye bizimu. Akakaza. Kisha vidole vyake vikasimama. Chiku aliviona vinasimama. Fundi aliupapasa ukanda kwa kidole gumba, akaugeuza upande wa mwanga, akainamisha uso.

"Umeupata wapi huu?"

"Ulaya!" alisema Uweso, na sauti yake ilikuwa imejaa, kama ya bwana harusi mwenyewe. "Umetoka Ulaya huo, fundi. Ngozi ya wakubwa."

Sadalla akamsogelea sikioni. Hakuna aliyesikia isipokuwa Uweso, na baadaye, ndani ya basi, ndipo Uweso alipomwambia mkewe maneno yale, mara moja, asiyarudie tena: "Vinyweleo vitatu vitatu, shemeji. Nimeshona matandiko ya namna hii miaka kumi na tano, na kila jioni nikioga kwa udongo. Ni nguruwe. Inuka kama unakwenda msalani. Nitajua la kuwaambia."

Angeweza kuinuka. Chiku, kwa siku nyingi baada ya hapo, aliiona ile nafasi, ndogo kama upenyo wa mlango. Lakini Mzee Mselem alikuwa amekata tonge, na tonge lilikuwa njiani kuelekea mdomoni, kutoka kwenye pilau lililodondokewa na maji ya ukanda.

"Mzee, weka chini," alisema Uweso. Halafu kwa sauti ya kusikika: "Ondoeni mikono, jamaa. Ukanda huu ni wa ngozi ya nguruwe, na umelowa. Sikujua. Wallahi sikujua."

Mkono mmoja mmoja ulitoka kwenye sinia na kubaki hewani, vidole wazi, mbali na kanzu.

Uweso alipeleka mkono wa kushoto begani. Bizimu ikalia tik. Mkono wa kifuu ukaanguka mapajani mwake, mwepesi, bila kusaidiwa na mtu, kama walivyoutengeneza.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Udongo ukaletwa kwa ungo, na maji kwa ndoo, wazee wakaosha mikono mara saba, moja ya udongo. Mmoja akitema, mwingine akihesabu kwa sauti: nne, tano. Pilau la sinia lile wakamwagiwa kuku. Mzee Mselem hakusema neno baya. Alisema tu, "Umefanya vema kusema," na akahamia sinia la mbali kabisa. Lakini vijana pembeni hawakuwa na subira. "Lo! Tumeletewa nguruwe harusini!" Neno likavuka ua, likaingia jikoni, na lilipofika kwa wanawake lilikuwa limekwisha kuota miguu mingine: mke wa Uweso katia nguruwe kwenye chungu.

"Darasa la jioni hilo!" alisema bibi mmoja akikusanya kanga yake isimguse Chiku. "Mnakwenda kufundishwa na makafiri, haya, someni!"

"Bibi, mimi sikujua..."

"Hukujua! Na daftari lote hilo?"

Katika chumba cha ndani, Asmahani alikuwa amekaa na hina yake, akilia bila kupangusa. Chiku alitaka kuingia. Mlango ulikuwa na watu, na watu hawakusogea.

Tadeo alipoelezwa, siku ya pili, alikaa chini kwenye mavumbi ya karakana yake. "Nguruwe namjua kwa nyama, shemeji," alisema. "Kwetu tunambanika na ngozi yake, tunaila. Sikupata kuiona imevuliwa ikawa ukanda. Ningalijua, ningaliutia motoni kwa mkono wangu." Akalia, mtu mzima yule mwenye mikono ya makovu, na Chiku ndiye aliyemnyamazisha.

Uweso hakumlaumu Tadeo, wala hakumlaumu mkewe, na hilo ndilo lililokuwa zito. Laiti angalipiga kelele. Alikwenda kwa Mwalimu Shehe akauliza habari ya zile sala za miezi miwili, alizosali huku kigutu kikiwa na unyevu wa ukanda. Mwalimu alimwambia asiyejua hahesabiwi kama aliyejua, aitulize roho. Uweso akasema naam, mwalimu. Kisha akaanza kuzilipa, moja moja, kila usiku, akikunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto kwa kila sala.

Chiku alifanya alichofundishwa. Alikaa na kalamu akaandika barua kwa ofisi ya shamba, ukurasa mzima, bila kosa. Bi Elizabeti aliipitia akarekebisha koma moja tu. Barua iliuliza mambo mawili: ukanda ulikuwa wa ngozi gani, na kwa nini hakuna aliyewauliza wenye kuuvaa. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, limepigwa chapa kwa Kiswahili cha karani. Ukanda, lilisema, ulikuwa wa ngozi ya nguruwe ya daraja la kwanza, kama inayotumiwa na waheshimiwa. Watu wengine wanne, wote Waislamu, walipewa mikono ya namna hiyo na hadi leo hakuna aliyelalamika. Tena lalamiko likiandikwa na mke badala ya mwenye mkono haliwezi kupokelewa. Mwisho walimtakia afya njema.

Alilisoma mara mbili. Mara ya pili alisimama kwenye neno *wanne*. Wanne, hakuna aliyewaambia, wanafunga, wanalowa, wanasali. Hakujua majina yao wala mahali walipo. Akafungua daftari kwenye ukurasa wenye nukta tatu tatu, akaandika chini yake: *Nilimwuliza kila kitu, nikasahau kukiuliza kitu chenyewe kimetoka wapi.* Kisha akachukua ukindu, akaanza kusuka ukili mwembamba, laini, wa ukanda mpya. Tadeo alikwisha kutoa bizimu nyingine, ya shaba.

Jioni alimwonyesha Uweso. "Huu ni ukindu mtupu. Nimeuchuma mwenyewe, nimeuanika mwenyewe. Baba Saleha, tujaribu."

Uweso aliushika ule ukili, akaupitisha kati ya vidole kwa upole, kama mtu anayeshika nywele za mtoto.

"Umesuka vizuri," alisema. Akaurudisha. "Ila watakapouona mkono huo, watauliza ukanda wa nini. Hata ungekuwa wa dhahabu, watauliza. Kula kwangu kutakuwa kuulizwa." Kisha akasema lile neno lake. "Zima."

Chiku alibaki ameinama juu ya koroboi. Nje watu walikuwa wakiamkiana. Akapuliza.

Akaingia chumbani, akalala ubavu karibu na mwanawe, ukili bado umo mkononi. Giza likatulia. Kule ukumbini bakuli likavutwa, na baada ya muda ikaanza: kwaru, kwaru.

Saleha akajigeuza. Chiku akafungua kinywa kusema lile neno, kama siku zote, lakini mtoto alikwisha kukaa kitako, na akasema kwa sauti ya wazi iliyofika hadi ukumbini:

"Si panya, ni baba anakula."